Maharage ya Shamba la Chini

Masela, mtawa wa zahanati, alibonyeza mguu wa Honoré uliovimba kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki pale pale kwenye ngozi. Mtoto hakulia. Alikuwa na miaka mitatu, na kwa wiki mbili sasa alikuwa ameacha kulia na kucheza. Alikaa pale alipowekwa, akitazama mbele, mpaka mtu aje kumwinua.

"Huyu haiko mugonjwa," masela alisema. Alikuwa Mzungu, mzee, na Kiswahili chake alikiokota kwa wagonjwa. "Iko na njaa. Munamulisha nini?"

"Mihogo," Mukantabana, mama yake, alijibu. "Na sombe, majani yake, siku tunapata."

"Maharagi? Maziwa?"

Mukantabana akatazama sakafu. Mwaka uliopita, miezi kama hii, maziwa nyumbani kwake yalibaki mpaka yakamwagiwa mbwa. Lakini mtu akisimulia jambo kama hilo huku amevaa kitenge kimoja kilichochanika, huonekana mwongo.

"Hapana, masela."

"Basi maharagi, kila siku. Maziwa ya unga ilikwisha tangu mwezi wa sita, mimi sina dawa ingine."

"Kila siku mpaka lini?"

"Mpaka miguu itapunguka," masela alisema, na akamwita mgonjwa aliyefuata.

Ulikuwa mwisho wa mwezi wa nane, mwaka wa sitini na tano. Kiangazi kilikuwa kinakwisha na vilima vyote vya Masisi, mashariki mwa Kongo, vilikuwa vimevuna. Kila jioni harufu ya maharage ya watu wengine ilishuka mpaka kwenye banda la matofali la misheni, ambako Mukantabana na mumewe Kabera waliishi na familia nyingine kumi na moja zilizokimbia vita. Walitoka kilima chao cha Muheto mwezi wa tano, watu waliposhika mapanga na kuulizana nani mwenyeji na nani Munyarwanda. Nyumba yao iliungua. Ng'ombe tisa walichukuliwa mchana, mbele ya macho ya Kabera, na watu aliowajua kwa majina. Mvua ya mavuno ilikuwa nzuri mwaka ule. Hata wazee walikiri hawajaona maharage mengi hivyo kwa siku nyingi.

Ndani ya banda, familia zilitenganishwa kwa mikeka na blanketi zilizotundikwa kwenye kamba. Kila mtu alisikia kila kitu.

"Kesho iko soko," Mukantabana alimwambia mumewe. "Nitaenda na Joséphine."

"Utauzisha nini?"

Mukantabana alitazama kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa kilicholala kwenye kona, kimefunikwa kwa kifuniko chake cha ukindu. Ndicho kitu pekee cha nyumbani alichokimbia nacho, na mpaka leo hakujua kwa nini siku ile mikono yake ilikamata kibuyu na kuacha blanketi.

Kabera alifuata macho yake. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na tangu wafike hapa hakutoka nje ya uzio wa misheni. Kitabu chake cha kitambulisho, ambacho watu waliita buku, kiliungulia nyumbani. Na mwanamume bila buku, mwenye uso na kimo kama chake, aliyekamatwa barabarani hakurudi.

"Ile ilikuwa ya mama yangu," alisema.

"Najua."

"Ng'ombe zikirudi, tutasukia maziwa ndani ya nini?"

"Baba Joséphine, zikirudi, nitasukia maziwa ndani ya kofia yako."

Hakukusudia kuchekesha. Lakini upande wa pili wa blanketi mtu alicheka, kisha mwingine, na kicheko kikapita banda zima kabla ya kuzimika. Kabera aliinama, akaanza kuondoa vumbi kwenye kofia yake kwa ukucha, polepole, kama kazi inayohitaji uangalifu.

*

Soko la Kashenyi lilikuwa mwendo wa saa mbili. Mukantabana alibeba kibuyu mgongoni. Joséphine-Marie, binti yake wa miaka kumi na mmoja, alimfuata akiwa na kikapu kitupu. Honoré walimwacha na baba yake. Vilima vilikuwa vimechomwa kwa ajili ya kupanda, na moshi ulilala mabondeni hata jua likaonekana jekundu saa tatu ya asubuhi.

Soko lilikuwa limejaa kuliko kawaida. Viazi vilirundikwa chini mpaka magotini mwa wauzaji. Palikuwa na mtama, kabichi, ndizi za bia, na maharage ya kila rangi: mekundu, meupe, meusi, yenye madoa, yamemwagwa juu ya magunia kama hayana thamani. Lori la mchuuzi kutoka Kitshanga lilisimama juu ya kilima na watu walipanga mstari kupimiwa. Joséphine alitembea akitazama huku na huku, mdomo wazi kidogo. Mara moja aliinama akaokota kiazi kilichobingirika njiani, na mwenye viazi, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, akamwambia bila hasira, "Rudisha, mutoto." Akarudisha.

Mukantabana alikaa pembeni, karibu na wauza vyungu, kibuyu mbele yake. Saa nzima ikapita. Watu waliotaka vibuyu vya maziwa hawakuwepo tena sokoni. Waliopita walikitazama, kisha wakamtazama yeye, na alijua wanajua. Hatimaye mwanamume mmoja mwenye koti la mvua alisimama, akafungua kifuniko, akatia pua ndani.

"Inanuka maziwa."

"Niliitia moshi vizuri, Papa. Haina ukungu, haina tundu."

"Mimi sina ng'ombe. Nataka chombo ya kasiksi. Inaweza kushika pombe?"

Kwao, mtu aliyetia pombe kwenye kibuyu cha maziwa alihesabiwa kama mwenye kichaa.

"Inaweza," Mukantabana alisema.

"Sitaki maneno tu. Mupe binti aende pale kwa mama wa kasiksi, alete kikombe moja tujaribu."

Joséphine alimtazama mama yake. Mukantabana akamwashiria aende. Pombe ikaletwa, ikamiminwa, na mwanamume akakitikisa kibuyu sikioni mwake, akakigeuza, akapapasa kitako kwa kiganja. Hakikuvuja. Mukantabana alikuwa ametaka mia mbili. Alipewa faranga themanini, na zile za kikombe cha kujaribia zikakatwa humo humo. Yule mtu aliondoka na kibuyu kwapani, akiwa tayari anamwita rafiki yake amwonyeshe.

Bibi yake Kabera alikuwa amesukia maziwa kwenye kibuyu kile, kisha mama yake Kabera. Mukantabana alifunga pesa kwenye pindo la kitenge na kusimama. Hakuhisi huzuni aliyoitarajia. Alihisi haraka.

*

Kopo la maharage lilikuwa faranga thelathini. Alitembea safu nzima akiuliza, akitumaini atasikia ishirini na tano, na kila mara alisikia thelathini. Makopo mawili. Akipika kidogo kidogo, kwa Honoré peke yake, yangemfikisha siku kumi. Na baada ya siku kumi?

Karibu na mwisho wa safu aliona maharage ambayo hakuhitaji kuyauliza.

Yalikuwa madogo, ya manjano iliyofifia, na kila punje ilikuwa na mkanda mweusi kuzunguka jicho. Mbegu ile alipewa na mama yake siku alipoolewa, imefungwa kwenye kitambaa, na kwa miaka kumi na minne hakuna mtu mwingine Muheto aliyeipanda, kwa sababu ilitaka udongo wenye maji na shamba lake la chini, karibu na kijito, ndilo pekee lililoipenda. Aliipanda mwezi wa tatu. Aliipalilia mara mbili. Ilipoanza kutoa maua, akakimbia.

Akainua macho. Nyuma ya gunia alikaa Agathe.

Agathe, mke wa Barthélemy, alikuwa jirani yake. Walikopeshana chumvi na moto, walisukana nywele, na siku Joséphine alipobatizwa ni Agathe aliyemshika juu ya maji, akiwa amevaa viatu vya kuazima. Sasa Agathe alikuwa amemwona muda mrefu kabla ya kuonekana, na alikuwa akiomba moyoni apite. Pembeni yake alikaa Adelaïde, mwanamke wa kilima cha jirani, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango.

Joséphine ndiye aliyesema kwanza. Uso wake ulifunguka, akaruka gunia la mtu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mama batizo."

Agathe hakuipokea mikono. "Umefananisha, mutoto," alisema.

"Ni mimi. Ni Joséphine-Marie."

"Nilisema umefananisha."

Adelaïde aligeuka. "Ni nani hao?"

"Wanunuzi," Agathe alisema. "Mama, unataka kopo ngapi?"

Mukantabana alimvuta binti yake kwa bega, akamweka nyuma yake. Alichuchumaa. Alitia mkono kwenye maharage mpaka kiwiko, kama wanunuzi wote wafanyavyo kuangalia kama chini kuna mchanga, na akayaacha yapite katikati ya vidole. Yalikuwa yamekauka vizuri. Aliyeyavuna hakuyavuna mabichi. Alingoja wakati wake.

"Kopo ni ngapi?"

"Makumi tatu."

"Haya maharagi inatoka kilima gani?"

"Kwetu."

"Ni shamba ya nani?"

Agathe alianza kusawazisha maharage kwa kiganja. "Ya ule aliyeivuna," alisema kwa sauti ya chini.

"Mama anauliza maulizo mingi kwa kopo mbili," Adelaïde alisema, na sasa alikuwa ameacha wateja wake kabisa.

Mukantabana alifungua pindo. Angeweza kusimama na kupiga kelele kwamba ni yake. Wote waliokuwa pale wangesikia, na wote wangejua yeye ni nani, ametoka wapi, na ni wa upande gani. Alihesabu noti mkononi ili asiseme kitu. Nyuma yake Joséphine alikuwa ameanza kulia bila sauti.

"Tiketi ya soko."

Mtoza ushuru alikuwa kijana aliyevaa suruali iliyopigwa pasi, na polisi mmoja alimfuata na bunduki begani. Alikuwa akisema na Mukantabana.

"Niko nanunua tu, Papa."

"Asubuhi ulikaa kwa wauza vyungu na kibuyu. Walikuona. Uliuzisha bila tiketi. Leta buku."

"Ilibaki nyumba."

"Nyumba iko wapi? Kilima gani?"

Misheni ilikuwa imewakataza kutaja banda. Nchi nzima ilijua banda lina watu gani.

Agathe aliwatazama wote watatu. Mwezi wa tano, kaka yake Pierre aliuawa njiani akitoka kusaga unga, na waliomuua walikuwa watu wa upande wa Mukantabana. Aliwaza hilo. Kisha aliwaza jambo jingine, baya zaidi, na lilimjia waziwazi kabisa: kwamba wakimchukua mwanamke huyu, hakuna mtu tena duniani atakayekuja kuuliza maharage haya ni ya nani. Wazo lile lilikuwa rahisi mno, likamtia hofu.

"Huyu ni muntu yangu," alisema. "Ni mukulimaji. Analima kwetu, Muheto."

Mtoza ushuru akageuka. "Mukulimaji wako?"

"Njo nilikuja naye kubeba muzigo."

"Mbona iko hapa na pesa mukononi kama mununuzi?"

"Nilimutuma akauzishe kibuyu. Hizo pesa ni zangu."

Adelaïde alikohoa. Alikuwa amekaa na Agathe sokoni miaka mingi, na alikuwa akiliweka jambo hili mahali pa kulitunza.

"Basi lipa tiketi yake," mtoza ushuru alisema. Agathe alinyoosha mkono kwa Mukantabana. Hapakuwa na namna nyingine. Mukantabana akampa pesa zote za kibuyu, na Agathe akatoa humo ishirini za tiketi, na zilizobaki akazitia kifuani mwake, kwa sababu macho yote yalikuwa yakitazama. Kijana aliandika, akachana karatasi.

"Wewe," alimwambia Mukantabana, "unaita patron wako namna gani?"

Mukantabana hakuelewa.

"Anakusaidia, hata asante haujasema. Unamuita nani?"

"Mama," Mukantabana alisema.

Ni neno ambalo kila mwanamke alimwita mwenzake, na walikuwa wameitana hivyo miaka kumi na minne. "Asante, Mama."

"Sasa beba," kijana alisema.

Agathe alifunga mdomo wa gunia kwa kamba. Lilikuwa bado zaidi ya nusu. Yeye na polisi walilinyanyua, wakamtwika Mukantabana, na akatoka sokoni nyuma ya Agathe, akipita katikati ya viazi na kabichi, shingo imenyooka, na maharage yake kichwani.

*

Walitembea mpaka njia ilipopinda mara tatu na kelele za soko zikakatika. Agathe alitazama nyuma, akamsaidia kutua gunia. Joséphine alikaa mbali nao, juu ya ukingo, akawapa mgongo.

Agathe alitoa pesa kifuani. "Chukua."

Mukantabana alizichukua. "Uliyavuna vizuri."

"Niliona yanakauka. Kila siku nilipita pale." Agathe alikuwa akisema upesi, kama mtu aliyeyapanga maneno haya kwa miezi. "Wengine walianza kuiba. Barthélemy akaenda kwa chifu, na mwezi wa saba wakaandika shamba kwa jina yake. Kama haingekuwa sisi, ingekuwa muntu mwingine."

"Njo vile kila muntu anasema."

"Njo vile. Na iko kweli."

Mukantabana hakupinga, kwa kuwa ilikuwa kweli. Walikaa. Upepo ulileta majivu ya vilima, yakatua kwenye gunia.

"Nilisikia juu ya Pierre," alisema.

"Usitaje jina yake."

"Sikujua nitumie nani aniletee pole."

Agathe aling'oa jani, akalikunja, akalitupa. "Tulimuzika bila padri," alisema baadaye. "Njia ilikuwa imefungwa." Kisha, bila kumtazama: "Kibuyu ya mama mukwe wako, uliuzisha kwa nini?"

"Honoré anavimba miguu."

Agathe hakuwa amejua kama Honoré yu hai. Aliyemkata kitovu mtoto yule alikuwa yeye. Alifungua kamba ya gunia, akavua kitambaa cha kichwani, akaanza kukijaza kwa mikono miwili. Alipofika makopo kama manne alisita.

"Barthélemy alipima gunia mbele sijatoka," alisema. "Akiona pesa haitoshi, atauliza."

"Acha basi. Hii imetosha."

"Haitoshi." Aliwaza. "Nitamuambia nimelipa mukulimaji kwa maharagi, mbele ya kazi kuanza. Juma mbili ya kupanda. Kila muntu anafanya vile. Lakini mukulimaji lazima afike."

Mukantabana alifunga pesa kwenye pindo la kitenge.

"Nipande shamba ya chini."

"Ndiyo."

"Na munilipe maharagi yangu."

"Ndiyo," Agathe alisema. Hakutafuta neno la kulifunika.

"Watu ya Muheto watanijua."

"Watakujua wote. Tayari kuna watu yenu wamerudi, wanalima kwa watu. Hakuna anayewagusa. Ukija kama mwenye shamba, watakuua. Ukija kama mukulimaji, watafanya kama hawakujui."

Akajaza kitambaa mpaka kikashindwa kufungika, akaongeza mengine kwenye kikapu cha Joséphine. Alipomaliza alitaka kusema kitu kwa binti, akasogea hatua mbili kuelekea ukingoni. Joséphine aliinuka, akachukua kikapu chake bila kumtazama, akatangulia njiani.

*

Kabera aliona maharage kabla ya kuambiwa. Alichukua punje moja, akaizungusha kwenye mwanga wa mlangoni, akairudisha. Mkewe alimweleza yote kwa sauti ya chini, kwa Kinyarwanda, lakini upande wa pili wa blanketi watu walikuwa wamenyamaza kusikiliza, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Utalima shamba yetu kama kibarua," Kabera alisema mkewe alipomaliza.

"Honoré atakula."

"Kwa Barthélemy. Yule aliyekunywa maziwa kwangu kila Pasaka."

"Sema unachotaka nifanye."

Chungu kilipoiva, Mukantabana alimlisha Honoré kwa vidole, punje moja moja, akizimenya. Mtoto alikula kwa bidii, amekunja uso, na alipoacha kidogo kutafuna ili apumue alishika mkono wa mama yake usiondoke. Joséphine alipewa kijiko kimoja. Kabera alisema ameshiba mihogo.

Kesho yake, baada ya misa, alimwambia mkewe kwamba kuna wanaume wawili wa banda wanaoshuka Walikale kwa njia za msituni. Kule chini, walisema, kuna mashamba ya kahawa ambayo hayaulizi buku. Mtu akiwa na mikono anapewa kazi, na mwisho wa mwezi analipwa.

"Nani alirudi kutoka kule akasema hivyo?" Mukantabana aliuliza.

"Hakuna aliyerudi. Maana yake wanapata kazi."

"Ao maana yake ingine."

"Ao ingine," Kabera alikubali.

Mukantabana alitaka kumwambia abaki. Maneno yalikuwa tayari. Lakini wakati ule ule, bila kutaka, aliwaza kwamba mdomo mmoja ukipungua maharage yatafika siku kumi zaidi, na alipogundua amewaza hivyo aliona haya kumzuia, kama vile kumzuia kungekuwa uongo. Hakujua kwamba Kabera alikuwa amepiga hesabu ile ile, na kwamba ndiyo iliyomwondoa. Walikale na kahawa yake vilikuja baadaye.

Aliondoka na kofia yake na mihogo miwili ya kuchoma. Alimpakata Honoré kidogo, akamrudisha. Kwa Joséphine alisema, "Saidia mama yako." Mukantabana alisimama kwenye uzio mpaka wanaume watatu walipoingia kwenye mianzi. Katikati ya mwezi wa tisa mtu alisema aliwaona kwenye kivuko cha mto. Mwingine akasema si wao. Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu.

*

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa Jumapili, na Jumatatu asubuhi Mukantabana alifika Muheto, Honoré mgongoni, Joséphine nyuma yake na jembe. Waliondoka misheni siku iliyotangulia na kulala kwenye kibanda cha wachunga mbuzi. Walipita mbele ya milango wanayoijua. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia uwanja aliinua kichwa, akatazama, akaendelea kufagia. Mahali nyumba yao iliposimama palikuwa pamelimwa tayari, na hakupatazama kwa muda mrefu.

Kwenye shamba la chini vibarua wanne walikuwa wamefika: wanaume wawili, mzee mmoja, na msichana asiye na viatu. Barthélemy alisimama mbele yao ameshika fimbo ndefu ya kupimia. Alikuwa mtu mwenye mwili mzito, si mbaya, mwenye kupenda mambo yaende kwa utaratibu. Agathe alikuwa amemwambia usiku ule ule wa soko ni nani atakayekuja, na hakugombana naye. Alikaa tu kitandani akifikiri, na tangu siku hiyo alikuwa akijizoeza jinsi atakavyosimama asubuhi hii. Aliwauliza vibarua majina yao mmoja mmoja, kama mgeni, akawaonyesha kila mmoja mstari wake.

Alipofika kwa Mukantabana alitazama jembe lake.

"Jina?" aliuliza.

Mtu huyu alikuwa amekula mezani kwake. Alikuwa amemshikia ng'ombe akikamuliwa, na mwaka Honoré alipozaliwa alikuja na kuku mikononi. Vibarua wengine walikuwa wakingoja. Mzee alikuwa mtu wa Muheto. Naye pia alitazama chini.

Mukantabana aliona kwamba, kama angesema jina ambalo kilima chote kilimwita kwalo, mtu huyu angelazimika kufanya kitu. Alitafuta jingine. Alilipata lile la ubatizo, ambalo padri peke yake alilitumia, tena mara chache.

"Verdiane," alisema.

"Verdiane," Barthélemy alirudia, na pumzi yake ikashuka. "Utaanzia pale, kwa jiwe. Pembeni ya mutaro udongo iko na maji mingi, usipande karibu. Mbegu itaoza."

Mtaro ule aliuchimba yeye na Kabera, mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Ndiyo, Papa."

Alimfunga Honoré vizuri mgongoni, akaenda kwenye jiwe. Udongo ulikuwa mweusi na laini, na jembe liliingia bila kelele. Alipiga shimo, akarudi nyuma hatua, akapiga jingine. Joséphine alifuata na mbegu kwenye sahani. Walikuwa wamefika katikati ya mstari binti aliposimama.

"Mama," alisema, si kwa sauti ya chini, "tunapanda kwa nani?"

Barthélemy, kwenye kichwa cha shamba, aliacha kupima. Vibarua waliendelea kulima, lakini kila mmoja alilima polepole zaidi.

Mukantabana alipiga shimo. Akapiga la pili, la tatu, mpaka akawa amemwacha binti yake mbali, na ikabidi ageuke.

"Weka mbili mbili," alisema. "Ukiweka tatu, zitasongana."

Joséphine alingoja kidogo, kuona kama kuna jibu lingine. Kisha aliinama, akaanza kuziweka, mbili kwa kila shimo, akizifunika kwa kisigino.